Nipe Mji

Sura ya Sita

Hodi ya kwanza Evelina hakuisikia. Alikuwa ameinamia beseni uani, anafua sare zake za kazi kwa nguvu kama mtu anayegombana nazo. Hodi ya pili ilikuwa ya mtu aliyezoea kufunguliwa.

"Hodi humu! Yule nesi yupo, au naye amepigwa kufuli?"

Evelina akainuka, mikono imejaa povu. Kwenye mlango wa uani wa nyumba ile ya wapangaji, pale Igoma, alisimama mama mmoja mrefu, kitenge kimemkaa vizuri, mkoba begani, na miguuni pake mkungu wa ndizi uliovalishwa majani makavu kama mtoto aliyekingwa baridi. Evelina hakuhitaji kuambiwa huyu ni nani. Macho yale aliyajua. Makubwa, yenye kope nzito, yanakutazama taratibu kama fundi anayetafuta ubao ulipopinda. Yalikuwa macho ya Rwehumbiza, ila haya hayakuwa yanacheka.

"Shikamoo mama," akasema, na goti likaenda chini palepale kwenye maji ya sabuni.

"Marahaba. Inuka, utalowa. Mimi ni Celestina, mama yake Rwehumbiza. Nimetoka Bukoba na meli, sijafumba jicho. Nafika kwenye karakana ya mwanangu nakuta kufuli. Jirani yake yule muuza rangi, Mihayo, ananiambia wiki imepita na zaidi hajaonekana. Simu haipatikani. Haya binti, mtoe."

"Nimtoe wapi, mama?"

"Mimi nitajuaje? Kabatini, chini ya kitanda. Wewe ndiye uliyemficha."

Evelina alitaka kucheka, kikatoka kilio. Alijifuta uso kwa mkono wenye povu, macho yakawasha, akazidi kulia.

"Mama, mimi nilikuwa najua umemficha wewe. Nilijua umemwita Bukoba, umemtafutia mke wa kwenu, basi, yamekwisha."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amebeba ugomvi wake umekamilika, amejua hata maneno ya kuanzia, na sasa hapakuwa na mtu wa kumpa.

"Mawe!" alishangaa Ma Celestina kwa Kihaya, kwa sauti ndogo. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Kwa hiyo mwanangu hayupo kwako, na hayupo kwangu."

"Hayupo, mama."

"Na ziwa hili hapa linatutazama."

"Usiseme hivyo mama, tafadhali. Mihayo amesema aliondoka na randa, na msumeno mdogo, na bisibisi. Mtu anayekwenda kujitosa habebi randa."

Mama akafikiri. "Kweli. Mwanangu angeiuza kwanza."

Hapo ndipo walipocheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi cha aibu, kisha kila mmoja akageukia upande wake.

Mkutano wao huu haukuwa wa kawaida. Walikuwa hawajawahi kuonana, lakini walikuwa wamekwisha kuchukiana kwa simu. Ilianza Evelina alipopata uhamisho. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, amefanya kazi hapo Igoma miaka kadhaa, na serikali ikampangia kituo kipya cha afya huko Makete, mkoa wa Njombe, upande mwingine kabisa wa nchi, milimani, mahali ambapo watu wa Mwanza hupajua kwa mbao na kwa habari za baridi. Na wakati huohuo walikuwa wamekwisha kusema watafunga ndoa mwaka huu, yeye na Rwehumbiza, fundi seremala mwenye karakana barabara ya Musoma, mwanamume mpole wa maneno, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi muda wote.

Rwehumbiza alipomwambia mama yake kwamba labda atamfuata mchumba, Ma Celestina alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. Ni lini mwanamume wa Kihaya alifunga virago akafuata mshahara wa mke? Na yeye ndiye mrithi. Baba yake alipofariki, ni yeye aliyekabidhiwa kibanja, shamba lile la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, walimozikwa babu zake wote. Mrithi kuishi Mwanza, sawa, ng'ambo ya maji tu. Lakini Makete?

Rwehumbiza akawa mtu wa kusema "ngoja nifikirie." Akafikiri, akafikiri, mpaka jioni moja Evelina akamfuata karakanani, akamkuta anapiga msasa kitanda cha watu.

"Unamfikiria nani, Rwehu? Unanifikiria mimi, au unamfikiria mama yako?"

Akaacha msasa. Alipozidiwa na maneno alikuwa na tabia yake moja, na ndiyo iliyomfanya Evelina ampende tangu siku ya kwanza.

"Kitendawili," alisema.

"Sina nafasi ya vitendawili leo."

"Kitendawili, Eve."

"Haya, tega."

"Akitangulia namfuata, nikitangulia ananifuata, na hakuna anayemuuliza mwenzake njia."

Siku nyingine angekaa kwenye kitanda kile kisicho na godoro, akafikiri, akajaribu jibu hili na lile huku wakicheka. Siku hiyo hakukaa.

"Sijui."

"Basi nipe mji."

"Chukua Njombe! Si ndiyo inayokutisha? Chukua Njombe nzima na baridi yake!"

Akaondoka bila kungoja jibu. Kesho yake karakana ilikuwa na kufuli. Alimpigia baba yake Misungwi, Mzee Machibya, mfugaji asiyependa kupoteza maneno kwenye simu, akamlilia. Mzee akamwambia, "Subiri." Akamwambia, baba, nimesubiri. Mzee akajibu, "Basi ongeza," akakata.

"Una kisu kikali?" aliuliza Ma Celestina, akimtoa kwenye mawazo. "Tumenye ndizi. Akija atakula, asipokuja tutakula sisi. Siwezi kukaa na hofu mikono mitupu."

Wakakaa uani, sufuria ya maji katikati yao. Ma Celestina akajipaka mafuta mikononi ili utomvu usimnate, akaanza. Kisu chake kilikuwa kinapita kama kinaimba. Evelina akamenya ya kwanza, ya pili. Mama akaokota ganda la Evelina, akaliinua juu kwenye mwanga.

"Hili ganda lina chakula cha mtu mzima. Unamlisha nani, mbuzi?"

"Sisi kwetu Misungwi tunamenya viazi, mama, tunavikausha tunafanya michembe. Ndizi nimejifunzia ukubwani."

"Inaonekana." Lakini akamshika mkono, akamgeuzia kisu, akamwonyesha. Mikono ile miwili ikakaa pamoja kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Kitendawili," akasema ghafla.

Evelina akashtuka. Kumbe Rwehu vitendawili hakuviokota njiani. "Tega, mama."

"Mama yangu amezaa mara moja tu. Watoto wote wakainua vichwa juu, yeye akakatwa."

Evelina alitazama mkungu pale chini, ndizi zake zimejipinda kutazama mbingu. "Mgomba."

"Nani amekufundisha?"

"Mwanao. Ameniharibu. Siku hizi hata mgonjwa nikimuuliza anaumwa wapi nataka kumwambia tega."

Ma Celestina alicheka, safari hii kwa meno yote. Halafu akamenya nyingine mbili.

"Unampenda?"

"Nampenda, mama."

"Kiasi gani? Usiniambie sana. Sana wanasema wote."

Evelina akaweka kisu chini. Hili hakuwa amemwambia mtu. "Nimeamua kubaki. Jumatatu nitakwenda kwa wakubwa wangu niseme sihami. Wakikataa, na najua watakataa, naacha kazi. Nitafungua duka la dawa baridi, nitauza hata vitumbua. Kama kinachomkimbiza ni Makete, basi Makete siendi. Arudi tu."

Alitegemea mama huyu ainue mikono amshukuru Mungu. Si ndicho alichopandia meli? Ma Celestina hakuinua mikono. Alimtazama kwa yale macho ya fundi, akaona ubao ulipopinda.

"Wewe una akili?"

"Mama?"

"Mimi niliolewa sina kazi. Baba yake Rwehumbiza alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini kila doti ya kitenge aliyoninunulia, aliikumbuka mpaka rangi. Tukikorofishana kidogo, nasikia, na kile cha njano je? Nimekuja hapa kukuzuia usimchukue mwanangu, ni kweli, sikufichi. Sijaja kukuambia uache kazi yako ya kuzalisha watu. Hayo ni mambo mawili."

"Lakini mama, hayo mawili ndiyo yaliyofungwa kamba moja."

Ma Celestina akafungua kinywa kujibu, na hapo ndipo mlango wa uani uliposukumwa.

Rwehumbiza aliingia akiwa amevaa koti zito lisilo lake, jua lote lile la Mwanza, jasho linamtiririka. Begi mgongoni, mfuko wa vifaa mkononi. Miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, midomo imepasukapasuka. Alimwona Evelina kwanza, uso wote ukafunguka. Halafu akamwona aliyekaa naye, ukafunga.

"Shikamoo mama," alisema. "Umefika lini?"

"Marahaba. Wewe ndiye utakayejibu maswali hapa, si mimi. Ulikuwa wapi?"

Lakini Evelina alikuwa amekwisha kusimama. Alimwendea mpaka wakakaribiana kabisa. Alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, mikono ikakosa mwongozo, ikashika kola za lile koti.

"Hata neno moja, Rwehu? Neno moja tu? Nimeliomba ziwa lisikurudishe limekuvimbisha. Nimekwenda kazini nazalisha watoto wa watu huku nalia, wanawake wananiuliza, nesi, kwani nimekufa? Ulikuwa wapi?"

"Ulinipa mji," alisema Rwehumbiza taratibu. "Nikauendea."

"Nini?"

"Si ulinipa Njombe? Basi nilikwenda Njombe, nikapanda mpaka Makete. Nikala viazi asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikajiangalia kama sijaanza kuota macho kama kiazi. Nikafundishwa kusalimia kwa lugha yao, kamwene. Nikalala na blanketi tatu, asubuhi nikakuta majani meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Na jibu la kitendawili kile ni mtu na kivuli chake. Siku ile hukungoja."

Evelina aliachia kola. Alirudia kitendawili kile moyoni, akitangulia namfuata, nikitangulia ananifuata.

"Kwa nini hukuniambia unakwenda?"

"Baba yako alinikataza."

"Baba yangu?"

"Nilikwenda Misungwi siku ile ile nilipofunga karakana. Nikamwambia, mzee, sisi Wahaya tunajua kukaa, hatujui kuhama. Nyie Wasukuma mmehama na ng'ombe nchi nzima. Nifundishe. Akaniambia, mtu hatoki na watu wake mpaka mmoja atangulie, alale huko, anywe maji ya huko, aone na nyasi. Na akaniambia nisimwambie mtu wa nyumbani mpaka nirudi. Nikaona mkwe amesema. Simu nikaizima, kwa sababu ungenipigia ningesema."

Evelina alikuwa tayari amebonyeza namba. Akaweka simu kwenye sauti ya wote.

"Baba!"

"Amerudi?" sauti ya Mzee Machibya ilikuja na mlio wa ng'ombe nyuma yake. "Nyasi zikoje huko?"

"Baba, ulijua! Nilikupigia nalia, ulijua!"

"Ulilia vizuri, nilisikia. Lakini mtu aliyekwenda kutazama nchi hasemwi nyumbani, mwanangu. Babu yako aliwahi kusemwa. Watu wakauza ng'ombe, wakabomoa mazizi, naye akarudi kusema huko hakuna maji. Tulilala nje masika nzima. Sasa muulize kasoro. Kama anasifu tu, hajafika huyo."

Ma Celestina alinyoosha mkono, akachukua simu. "Wewe mzee ndiye uliyemtuma mwanangu kwenye barafu bila kuniambia mimi mama yake?"

"Ee, mama, hujambo? Ningekwambia, ungepanda meli ukaja."

"Nimepanda meli nimekuja!"

"Unaona sasa?" alisema Mzee Machibya, na akakata kama kawaida yake.

Hawakuweza kujizuia. Walicheka wote watatu, Rwehumbiza akivua lile koti aliloazimwa na kukaa chini kwenye sakafu ya uani kama mtoto, mgongo kwenye ukuta. Evelina akamletea maji. Alipokuwa anapokea bilauri akagusa vidole vyake, akaviacha hapo.

"Niambie kasoro," Evelina akasema.

"Ziko nyingi. Nyumba ya mtumishi inavuja pembeni, jikoni hakuna bomba la moshi, ukipika unatoka unalia. Barabara mvua ikinyesha gari halipandi. Kanisa lipo, lakini misa ya kwanza wanaimba kwa Kikinga. Samaki hakuna. Nilikuta dagaa sokoni, wa huku kwetu, wamekauka mpaka wamesahau ziwa. Kazi yangu nayo, sikufichi, mafundi wamejaa. Mbao ni bei rahisi, kila mtu ana randa. Yuko fundi mmoja, Yeremia, anatengeneza milango. Masofa hajui. Amesema tunaweza kushika banda moja, yeye milango, mimi vitanda na masofa, tuone. Siwezi kukuahidi kuwa nitapata kama hapa. Mwaka wa kwanza tutakula mshahara wako, Eve. Hilo nilikaa nalo kwenye basi kutoka Makete mpaka Dodoma. Lilikuwa zito. Kutoka Dodoma mpaka hapa likawa jepesi kidogo."

"Na uzuri?"

"Maji. Yanatoka mlimani, baridi mpaka meno yanauma, matamu. Na watu wanasalimia. Mtu anasimama na mzigo kichwani, anakuulizia mpaka mjomba wako." Akachokonoa kidole chenye kidonda. "Na nilikwenda kuiona wodi utakayofanyia kazi."

"Walikuruhusu?"

"Nikasema mimi ni mtu wa nesi anayekuja. Kile chumba cha kuzalishia, dirisha lake lilikuwa limepinda, halifungi. Wamelizibia gunia. Upepo ule ukiingia, mtoto anatoka tumboni anapokelewa na barafu. Nikamwomba mganga mfawidhi, akaniruhusu. Nikalitoa, nikaliranda, nikalirudisha. Sasa linafunga, ukilisukuma kwa kidole tu. Nikawaambia, mwenye wodi akija msimwambie."

Evelina aligeuza uso. Alitazama kamba ya nguo, alitazama beseni, alitazama popote pasipo na macho yale. Alikuwa amewahi kuletewa maua na daktari mmoja, na mfanyabiashara wa Magu aliwahi kumnunulia simu. Hakuna aliyewahi kusafiri siku na siku kwenda kufunga dirisha la chumba ambacho yeye hajakiona.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Siku nyingine ukitumwa na baba yangu, uniambie mimi. Sitahama na mtu anayeondoka bila kuaga, hata kama anakwenda kuniletea mwezi."

"Nimekosa. Sitarudia."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Ma Celestina alikuwa ameendelea kumenya muda wote huo. Ndizi zilikuwa zimeisha, lakini kisu kilikuwa bado mkononi.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Sasa nisikilizeni na mimi. Migomba inaota huko?"

"Haioti mama. Baridi inaiua."

"Basi. Baba yako mdogo Rwegasira amekwisha kuanza kupita na kamba, anapima. Anasema mrithi amekimbilia mjini, shamba halina mtu. Ukienda huko kwenye barafu, hata mwaka hautaisha, atakuwa ameingia. Nitalala wapi mimi? Dada yako Kokulinda atalala wapi na watoto wake, alivyoachika vile? Na wewe mwenyewe, siku ukifa? Wenzako wote wamelala pale, babu, baba, mmoja mmoja kwenye migomba yao. Wewe utazikwa wapi, Rwehumbiza?"

Redio ya mpangaji wa chumba cha mbele ilikuwa inatangaza bei za pamba, ikasikika neno kwa neno. Mambo ya bomba la moshi na paa linalovuja yanatengenezeka. Hili halikuwa na randa yake.

"Nimelifikiria hilo tangu kabla ya safari," alisema Rwehumbiza. "Ndilo nililokuwa nafikiria, Eve, uliponiuliza nakufikiria nani. Mama, pale nyumbani nani anapalilia?"

"Kokulinda."

"Nani anakata mikungu, nani anaanika kahawa, nani alikaa na baba alipougua?"

"Kokulinda. Unajua. Kwa nini unaniuliza unachokijua?"

"Basi kibanja apewe Koku."

Kisu kilianguka kwenye sufuria, maji yakaruka. "Mwanamke?"

"Dada yangu."

"Ukoo utasema nini? Binti harithi ardhi ya ukoo, tangu lini?"

"Mimi ndiye mrithi, mama. Nilikalishwa kwenye kiti cha baba mbele yao wote. Mtu akipewa kitu mbele ya watu, anaweza kukitoa mbele ya watu hao hao. Nitasimama, nitasema natoa kwa dada yangu, na mama yangu akae humo mpaka mwisho wake. Baba mdogo atapiga kelele. Atapiga, atachoka. Na mimi nitazikwa mahali atakapokuwa Evelina."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama anayetaja kipimo cha meza. Evelina alikuwa ameishi na Wahaya hapo mjini vya kutosha kujua kitu alichokuwa anakiacha kijana huyu. Pesa zinarudi. Kulala katikati ya baba zako hakurudi.

"Rwehu, usifanye hivyo kwa ajili yangu," alisema. "Utakuja kunichukia."

"Nani amesema kwa ajili yako peke yako? Kitu kile ni cha Koku. Mimi nilikuwa nimevaa koti la mtu." Akalitazama lile koti zito sakafuni, akacheka kidogo. "Kama hili."

Ma Celestina aliinamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Evelina, kwa mazoea ya kazi, akamfikia kabla hajajua amesimama, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono iliyojaa mafuta na utomvu.

"Mama, pole. Pole mama. Hatutakutupa. Ukiugua nitakuja mwenyewe kukuchukua, na mtoto wetu wa kwanza..."

"Silii hilo," Ma Celestina alimkatiza, akijifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Mtoto wa kwanza unamzaa wewe nesi, utajua mwenyewe pa kumzalia. Nalia kwa sababu tangu mzee afariki nimekuwa na neno hilo hilo kifuani. Namwona Koku anainama alfajiri mpaka jioni kwenye shamba la watu, nasema, Mungu, huyu ndiye mwenye hapa. Lakini mjane hawezi kulisema mbele ya ukoo, wangesema nimerogwa. Ni mrithi tu anayeweza. Na mrithi nikamwona bado mtoto, nikaogopa hata kumdokeza." Alimtazama mwanawe pale sakafuni, miguu imevimba, nyusi kwa mara ya kwanza hazina vumbi la mbao. "Umekua lini wewe?"

"Baridi ile inakuza mtu, mama."

"Mpuuzi." Lakini alimshika kichwa, akakivuta kifuani kwake. Halafu akamgeukia Evelina. "Jumatatu unakwenda kwa wakubwa wako?"

Evelina alimtazama Rwehumbiza. Naye alikuwa anamtazama, hakuomba kitu. Alisubiri tu, kama anavyosubiri gundi ikauke.

"Nakwenda, mama," alisema Evelina. "Kuwaambia wanisogezee tarehe mbele kidogo, nifunge ndoa kwanza. Halafu tunahama."

"Vizuri. Jumamosi tunapanda meli sisi watatu. Ukoo ukuone, uwasalimie, umenye ndizi mbele yao. Nitakuwa nimekunoa." Akaokota simu yake kwenye mkoba, akaishika mbali na macho, akatafuta namba, akaweka sauti ya wote kama alivyomwona Evelina akifanya. Ikaita mara nyingi.

"Abee mama," ilikuja sauti ya mwanamke anayehema. "Umemwona kaka?"

"Nimemwona, mzima. Uko wapi?"

"Napalilia upande wa kahawa. Baba mdogo amekuja kumfunga mbuzi wake hapa katikati, anakula miche yote."

"Mfungue."

"Nimfungue mbuzi wa baba mdogo?"

"Mfungue, umpeleke kwake, urudi uendelee. Na kuanzia leo, Koku, acha kupalilia kama kibarua. Palilia kama mwenye shamba. Kaka yako anapanda meli Jumamosi, anakuja kulisema hilo mbele ya watu."

Rwehumbiza akasogea, bega lake likagusa bega la Evelina, likabaki hapo.

"Mama," alisema Kokulinda, "umelewa?"

"Sijalewa. Nimezungukwa na Wasukuma."

Kokulinda hakukata simu. Kutoka ng'ambo ile ya ziwa walisikia jembe likiwekwa chini, halafu kamba ikifunguliwa kwenye kigogo, na mbuzi akilia njia nzima anarudishwa kwao.